Njia ya Mama ya Kwenda Pwani

Kaka Haji,

Assalamu alaykum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo mjini Ng'ambo, wewe na wifi na watoto. Mimi mwili mzima, ila baridi imenipasua midomo, na maneno yako ya juzi yamenipasua zaidi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza.

Bado napiga deki jumba la wageni kwenye hifadhi ya ndege huku ugenini, pale mto unapoingia baharini. Maji yakitoka linabaki tope tupu, na siku hizi ukingo wake unaganda barafu. Nyasi zimekauka rangi ya makumbi ya nazi. Jua likitoka halichomi. Ndege ndio wamejaa: mabata, vitwitwi, na wale sululu wenye midomo mirefu iliyopinda, wanachokoa tope kama mama anavyochokoa kombe, wale chaza wa topeni. Nilipowaona mara ya kwanza nililia, sikufichi.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Mwezi ulikuwa mpevu, nikajua ni bamvua, maji yanatoka mbali. Nikaona kombe zimelala kwenye tope, hakuna anayeziokota. Mtu wa kwetu ataona bamvua akae? Nikachukua ndoo ya deki, nikavua viatu, nikashuka. Sijafika mbali, ndege wakaruka wote kwa pamoja. Bosi wangu, mama wa makamo asiyepandisha sauti, siku hiyo alipiga kelele mpaka nikatoka, miguu imekufa ganzi.

“Hapa hashuki mtu,” aliniambia. “Ukiwashtua wanapokula, watashinda njaa, na baridi hii itawaua.”

“Na wenyeji wanaookota kombe?” nikamuuliza.

“Wana njia yao upande wa pili. Hatukuwafungia.”

Nilijifungia chooni nikalia kwa hasira. Ndege wana pwani yao, waokota kombe wana njia yao, na mama yetu hana hata moja. Tangu hoteli ijenge ukuta huko kwetu Fumba, amebakiwa na kile kipande cha minazi tu. Na wewe ndicho unachotaka kukiuza.

Nilimuuliza mama mwenyewe kwa simu. “Mwanangu,” akanambia, “mie nnapita hapo kwenye minazi. Pakiuzwa, ntazunguka wapi? Ntafika maji yashajaa.” Unamjua, halalamiki.

Unaniambia mla ni mla leo. Unanikumbusha pia kwamba kipande cha kwanza kiliuzwa kwa hoteli ili mimi nisafiri. Kweli, Haji. Ukuta ule ni wangu. Nauona kila nikiinama na dekio, na sitaujengea mwenzake. Baba alituachia sote wawili, na wanunuzi wanataka ridhaa ya wote wawili. Yangu hawaipati. Nimechukia, na nataka ujue kwamba nimechukia.

Msalimie wifi, mwambie kanga aliyonipa ndiyo najifunika kichwani chini ya kofia ya sufu. Msalimie ami Makame, shahidi wetu wa mkataba wa kwanza. Mwambie safari hii asihangaike kutafuta kalamu.

Mama nenda kamsalimie mwenyewe. Nenda Fumba siku ya bamvua, umbebee ndoo, mpite naye kwenye minazi mpaka kwenye kombe. Ukirudi Ng'ambo na tope miguuni, ndipo uniulize tena.

Mdogo wako,
Mize