Baraza ya Mbao Inavua Rangi

Jumatatu, 10 Juni
Baraza inabanduka rangi tena. Magamba matupu! Mchungaji Tollefsrud kaja kunywa kahawa, kainuka na kipande cha rangi makalioni, kikubwa kama sahani. Nimemwacha aende nacho. Ningesema nini?

Jioni binti yangu Marlys kapiga simu. Habari zimeshamfika — mji huu! Anasema mbao zimeoza, Jumamosi analeta fundi azing'oe, aweke za plastiki. Plastiki! Baba yake, marehemu Orrin, aliijenga kwa mikono yake, na alifia hapo hapo, kikombe mkononi.

Jumanne, 11 Juni
Nimelilaumu jua. Kisha kiwanda cha rangi. Kisha bata wa ziwani.

Jirani Verlyn kaja bila kuitwa, kamwaga maji mbaoni. Yakakaa juu kama shanga. Eti mbao hazinywi. Kaniuliza napaka mara ngapi. Kila mwaka tangu Orrin afe, miaka saba sasa, nikamwambia, mikono mitatu ya rangi, mimi si mvivu.

Kahesabu kwa vidole.

"Dada Ardis, umezivisha nguo ishirini na moja. Sasa zinavua."

Nimemfukuza. Pai niliyooka kaondoka nayo.

Jumatano, 12 Juni
Mgongo! Nimekwangua kutwa. Verlyn kasaidia, sikumwomba. Nyekundu, kahawia, halafu ile ya kijani — nilikuwa nawaza nini?

Orrin alikuwa anaosha, anasubiri siku mbili, ndipo anapaka, mkono mmoja mwembamba. Mimi dirishani jikoni niliona kupaka tu.

Chini mbao ni ngumu. Kisu hakiingii.

Alhamisi, 13 Juni
Nimeosha.

Ijumaa, 14 Juni
Nasubiri. Afadhali kukwangua.

Jumamosi, 15 Juni
Asubuhi nimemwaga maji, yamezama papo hapo. Nimepaka mkono mmoja. Nilianza pembeni, nikizunguka kuja katikati. Katikati nimebaki mimi, kiti, kopo, chupa ya kahawa na daftari hili. Kopo linasema isikanyagwe mpaka kesho.

Verlyn kaona. Kaenda kuleta kiti chake, kakaa kwenye nyasi.

Sasa Marlys kafika na fundi. Kauliza nafanya nini hapo. Nikasema nimegoma. Sitoki mpaka huyo aondoke na plastiki yake.

Fundi kainama chini ya baraza, kagonga mbao moja moja. "Nzima hizi, mama," kasema. "Mimi sing'oi." Kaondoka.

Marlys kashika kiuno. "Haya, umeshinda. Shuka."

Verlyn kakohoa.

Kahawa nimekunywa vikombe vinne. Nimemwambia Marlys bado nina madai mengine.