Si Ziwa la Barafu

Jumapili, Downsview. Joto ni kali, na hasira yangu ni kali zaidi.

Niwieni radhi kwa kimya kirefu. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na neno la kuandika, mpaka leo nilipokutana na neno lililokosewa.

Binti yangu Sakina ameolewa na Karim, mzaliwa wa milima ya kaskazini mwa Pakistani. Mwezi ujao anawapeleka wajukuu wangu wawili kwa mama yake Karim, ambaye nyumba yake iko bondeni. Juu ya bonde hilo lipo ziwa. Tangu wakate tiketi, Sakina amekuwa akinituliza: ni ziwa la barafu tu, Mama.

Nikatulia. Nilidhani limeganda, kama mabwawa ya hapa Toronto ambayo watoto huteleza juu yake wakati wa baridi.

Leo mchana Karim amenionyesha picha aliyotumiwa na mama yake. Ni maji. Maji matupu, mengi, yaliyozuiwa na kifusi cha mawe na udongo. Barafuto, ile barafu kuu inayolala mlimani mwaka mzima, inayeyuka kwa joto, na kila kiangazi ziwa linapanuka. Kifusi kikiachia, bonde litasombwa.

Nikamwambia Sakina kwamba ziwa la barafu ni ziwa lililo barafu. Hili ni ziwa la barafu iliyokwisha kuyeyuka. Akacheka.

"Mama, hata ziwa unalisahihisha?"

"Nalisahihisha kwa sababu wanao watalala chini yake."

Hakucheka tena.

Nina hasira naye. Nina hasira pia na mji huu, ambamo jirani yangu huacha gari likinguruma mlangoni, kiyoyozi kikiwaka, ili kiti kipoe kabla hajakikalia. Mama yake Karim hajapata kumiliki gari. Joto letu limemfuata hadi mlimani.

Naye hataki kuhama. Anauliza ng'ombe wake atamwachia nani. Jioni hii Karim anampigia simu kumsihi ahamie kwa dada yake, katika kijiji kilicho juu, mbali na mto ambao maji ya ziwa yangeufuata. Akikubali, wajukuu watamfuata huko. Akikataa, Sakina hajaniambia atafanya nini.

Nimeketi sebuleni mwao. Namsikia Karim chumba cha pili akibembeleza kwa lugha nisiyoijua, wala nisiyoweza kuisahihisha.

Wakishaamua, nitaandika.