Nani Akae Getini

Jumatatu, 2 Mei 1988

Banda jipya la samaki limekwisha. Rangi bado inanuka. Meza nyingi za saruji, geti moja. Hapo ndipo shida ilipo.

Meza ya getini ndiyo meza. Mtu akiingia na njaa hufika hapo kwanza, na safari yake inaishia hapo. Meza ya mwisho iko karibu na choo. Huko hata inzi hufika akiwa amechoka.

Kwenye banda la zamani getini palikuwa pangu tangu mume wangu Dishon afariki. Sasa kila mama anasema ni pake. Leo tumetupiana maneno mpaka Mzee Shitanda, mwenyekiti wetu, akapiga sufuria kwa mwiko. Anasema wateja ndio watakaoamua. Kwanza alitaka wapange mlolongo nyuma ya mama wanayempenda. Tukakataa kwa sauti moja! Tangu ule mlolongo wa uchaguzi wa Februari kuna majirani hapa Kaloleni hawasalimiani mpaka leo.

Basi itakuwa siri. Kila mama ana mkebe wa mafuta ya Kimbo wenye tundu, nyuma ya pazia ofisini kwa Shitanda. Mteja akila sahani moja nampa punje ya mahindi na haragwe. Ameridhika — atatia mahindi. Hakuridhika — haragwe. Iliyobaki ananirudishia. Nimeuliza siri iko wapi hapo, kama nitaona alichorudisha. Shitanda amesema tusiangalie.

Wengine wanacheka. Mimi sicheki. Nisipopata geti sitauza. Nisipouza sitalipa nyumba. Nisipolipa nitarudi Kombewa kwa wakwe, ambako Obiero, mdogo wa Dishon, anangoja kunirithi. Ameshachagua mahali pa kunijengea. Ana wake wawili na sauti kubwa. Sitaki. Naandika tena: sitaki.

Jumatano, 4 Mei

Wameanza kupiga kura. Nimegundua jambo moja. Aliyeshiba hana neno — anafuta mdomo, anaenda. Mwenye hasira ndiye hukumbuka mkebe. Mama mmoja ametia haragwe kwa sababu samaki wake, ngege, alikuwa na miba. Ngege! Mwingine kwa sababu alinyeshewa akija.

Walter wa bandarini hula kwangu kila mchana, tangu sijui lini. Leo amenirudishia zote mbili, mahindi na haragwe. Nikamuuliza vipi.

"Mama, mimi si nakula hapa everyday? Hiyo si kura?"

Si kura, Walter. Mkebe hauna macho.

Jumamosi, 7 Mei

Wamehesabu. Afadhali wasingehesabu.

Shitanda hakutaka kujua nani ana mahindi mengi. Anasema hivyo mwenye karai kubwa angeshinda daima, na mgeni asingepata nafasi mpaka afe. Yeye aliangalia katika kila mia mahindi ni mangapi. Alikuwa karani zamani, anapenda mia.

Mkebe wangu ulikaribia kufurika. Mahindi, mahindi, na maharagwe ya wale wa miba na mvua. Mkebe wa Kageha ulikuwa na mahindi matatu. Matatu! Huyu ni msichana wa Obunga, ameanza kuuza juzi, karai lake ungeweza kulivaa kama kofia. Wateja watatu, mahindi matatu, haragwe hakuna. Mia kwa mia. Kageha namba moja. Mimi namba nne, nyuma ya mama anayeuza dagaa wa omena siku akijisikia.

Na mmoja wa hao watatu ni dada yake Kageha. Nilimwona kwa macho haya.

Nikasimama, nikadai kura zihesabiwe upya. Shitanda akavua miwani, akaipangusa, akaivaa. Kumbe kamati ya kuhesabu ilikuwa imekaa tangu asubuhi bila chakula. Na mahindi yakichanganywa na maharagwe, hapa Kisumu, ni kitu gani? Ni nyoyo, kile wengine wanachokiita githeri. Kura zilikuwa kwenye sufuria, zinachemka.

Jioni nilipewa bakuli. Nikala, ningefanya nini. Hazikuwa na chumvi.

Jumapili, 8 Mei

Kageha alinisubiri nje ya kanisa. Macho mekundu. Anasema akikaa getini samaki wake wataisha kabla ya chai ya saa nne, halafu watu watamkuta na karai tupu wamtukane.

"Mama Dorca, mimi sikuomba. Nilipika tu."

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Imeshindikana. Nikamnunulia mandazi.

Jumatatu, 9 Mei

Shitanda amekuja na dawa. Kura zinaanza upya leo, mwisho Jumamosi saa kumi jioni, na matokeo yatakaa mpaka Krismasi. Safari hii amekataza sufuria ofisini. Lakini kabla hatujawasha moto alipita akitia katika kila mkebe konzi mbili: moja ya mahindi, moja ya maharagwe. Sawa kwa wote.

Nilipandwa na hasira. Maharagwe ndani ya mkebe wangu kabla sijakaanga hata mkia! Wengine walianza kunong'ona habari za uganga. Mimi nilimuuliza waziwazi nimemkosea nini.

Akasema kabla mtu hajaonja hajui, kwa hiyo kila mama ataanzia katikati. "Ukilisha watu wengi, konzi zangu zitapotea humo, hutaziona. Ukilisha watatu, hao watatu hawatatosha kuzizidi. Siwezi kumpa mtu geti kwa maneno ya dada yake, mama."

Kwa hiyo habari za dada alizijua!

Nilikaanga nimenuna mpaka mchana. Halafu nikafikiria yale mahindi matatu ya Kageha yamekaa juu ya konzi mbili, na yangu yamekaa juu ya konzi hizohizo, nikaelewa. Kageha naye hataumia, akizidi kulisha atapanda polepole. Ni haki. Sikumwambia Shitanda. Angevimba kichwa.

Alhamisi, 12 Mei

Siku nzuri. Walter ametia mahindi! Amerudi kunionyesha haragwe lililobaki, kifua mbele. Wengine nimewabembeleza mpaka sauti imekauka: umeshiba, basi sema umeshiba. Wanasema.

Shitanda amenivuta pembeni. Hakupaswa kusema, akasema. Tunaoongoza ni mimi na Benta, yule anayekaanga samaki wa mbuta meza ya pili. Niko mbele yake kidogo tu, punje chache. Jumamosi itaamua.

Mchana akaingia Obiero kutoka Kombewa, na kofia yake ya mazishi. Akala, akasifu. Akaanza yale yale — boma linakungoja nyar Uyoma, mjini unatafuta nini. Nyar Uyoma, yaani binti wa Uyoma, ni mimi, kwa sababu ndiko nilikozaliwa. Nikamwambia mjini nina meza. Akauliza watu wanakwenda wapi na mahindi.

Nikamweleza. Kila kitu, tena kwa majivuno! Sahani moja kura moja. Jumamosi saa kumi. Benta yuko mgongoni pangu. Nikipata geti, shemeji, sahau habari za Kombewa mwaka huu.

Alisikiliza kwa makini sana. Nikadhani ameanza kuniheshimu.

Jumamosi, 14 Mei. Saa sita

Obiero amekuja. Hakuja peke yake. Wanaume watano wa boma, wote wamenyoa, wote shemeji zangu kwa njia moja au nyingine. Wameketi benchi langu lote.

Wameagiza ngege na ugali. Nimekaanga kama ninavyokaanga. Wamekula, wamelamba vidole, Obiero amefyonza kichwa mpaka mfupa ukawa mweupe.

"Nyar Uyoma, rech ni mit! Samaki tamu kabisa. Hakuna mtu anapika hivi kwetu."

Akaenda nyuma ya pazia. Akarudi. Akanipa punje ya mahindi mkononi, kwa heshima, na asante juu. Wa pili akanirudishia mahindi. Wa tatu mahindi. Nimesimama na mahindi sita kiganjani.

Nilimuuliza shemeji, si umesema ni tamu? Akasema ni tamu sana. Ndiyo maana tunataka urudi nyumbani.

Nimekwenda kwa Shitanda. Amesema amekula, amelipa, ana kura. Hawezi kuuliza mtu kilicho moyoni. Anasema hili hakulifikiria.

Saa nane

Wameagiza tena! Sahani sita. Nikiwapa samaki mbichi watatia haragwe. Nikiwapa aliyeiva vizuri watatia haragwe. Nimemkaanga vizuri. Sijui kukaanga vingine, na hasira hainisaidii.

Sijawahi kuuza hivi tangu nianze. Kila nikiuza nashuka.

Kageha amekuja kunong'ona: kwa nini usiwafukuze? Yeye Mlogoli, si Mjaluo, haelewi. Ndugu wa marehemu mume wako, amekaa, ananyoosha mkono — humnyimi chakula mbele ya watu. Ukimnyima umelikana boma. Umewakana wote, hata aliyelala kaburini. Dishon alikuwa mtu mzuri. Nampenda bado. Nimelia kidogo upande wa moshi, hakuna aliyeona.

Saa tisa na nusu

Samaki waliobaki ni watatu, wako kwenye mafuta. Obiero amewaagiza wote watatu. Tumbo lake limejaa, anapumua kwa kinywa, lakini ameagiza.

Nyuma yake amesimama Walter na wenzake wawili wa bandarini. Wametoka kushusha mizigo, wana njaa ya kweli.

Wakwe hutangulia. Nimelelewa hivyo.

Nimegeuza samaki mara ya mwisho. Nimewapakua. Nikasikia sauti yangu, tena kubwa:

"Shemeji, nyinyi mmekula. Hawa ni wa Walter."

Benta ameacha kuparua magamba, kisu kiko juu. Mmoja wa wale wanaume ameinamisha kichwa. Obiero amesimama. Ameuliza taratibu, bila ile sauti yake kubwa, kama nimesema nilichosema.

Nimechukua daftari hili nijifanye napiga hesabu. Mafuta yameingia kwenye ukurasa. Naogopa, na sitaki kurudisha neno langu.

Shitanda ametoka ofisini, anaangalia saa.

Obiero ameuliza mara ya pili.

Walter ameanza kula.