Vidole Gumba Kumi na Tisa

Jumatatu, 7 Juni 1948

Sakitu tena, majani meupe kama yamemwagiwa chumvi. Nimechemsha sindano, nimefagia, nimefungua zahanati saa moja kamili. Bila mimi Njombe nzima ingebaki inakohoa nje.

Mama Daktari kashona paja la mzee wa Mlangali aliyejikata na shoka. Nimeona madaktari wa jeshi wakishona watu vitani Bama. Nimeona wengine Kalikata, kule India, mji ambao watu wa hapa hata kuuota hawajauota. Hakuna anayeufikia mkono wa huyu mama wa Kipolandi.

Kwenye kitabu cha wagonjwa, safu ya aliyetibu, nimeandika jina langu. Ndivyo anavyotaka tangu atoke kambi ya wakimbizi: “Ezekieli, andika wewe.” Nadhani ni unyenyekevu. Mimi unyenyekevu sina. Nimeandika kwa herufi kubwa.

Jumatano, 9 Juni

Barua kutoka Dar es Salaam. Leseni yake ya udaktari bado. Cheti kiliungua vitani. Chuo alichosoma hakijibu, na mji wenyewe siku hizi uko ndani ya nchi nyingine. Wanataka mashahidi wawili waliosoma naye. Kapata mmoja. Wa pili alikufa.

Hakula mchana. Imeniuma. Ati wanatafuta karatasi wajue kama huyu ni daktari! Waje wayaulize matumbo ya watu wa Njombe.

Alhamisi, 10 Juni

Nimemaliza kazi iliyowashinda wakubwa. Mimi, dresa wa kufunga vidonda, wa darasa la nne.

Kwetu mganga hajisifu mwenyewe. Akihamia kijiji kigeni, aliowaponya humsindikiza, wakasimama mbele ya watu kila mmoja na kovu lake. Basi nimewaita. Wamekuja kumi na wanane, wengine kutoka Matembwe kwa miguu. Nimeandika: “Sisi tuliotia dole hapa tumekatwa, tumeshonwa, tumepewa dawa na Mama Daktari, na tuko hai.” Wino ulikwisha, nikatumia ile dawa ya zambarau ya vidonda. Kila mtu dole lake. Bibi Eliza, aliyetolewa uvimbe shingoni, katia madole yote mawili. Kasema moja halitoshi.

Bahasha ya Dar es Salaam imeondoka na lori la posta mchana huu. Mama Daktari sijamwambia. Nataka nimwone akifurahi ghafla.

Ijumaa, 11 Juni

Mama Daktari kaniuliza ni ugonjwa gani huu, watu vidole vyao vimekuwa zambarau.

Nikamweleza. Nilisimama kama mtu anayengoja nishani.

Akakaa juu ya sanduku la bandeji. Akatoa karatasi ya serikali akanisomea polepole. Mpaka leseni itoke, asitibu mtu. Afunge vidonda tu, chini ya daktari wa serikali, ambaye huja toka Iringa mara moja kwa mwezi. Akivunja, ananyimwa leseni na anaondolewa nchini. Kwao hakuna pa kurudi.

Ndiyo maana kitabuni hakutaka jina lake.

Nimepeleka mashtaka kwa mkono wangu. Na mashahidi kumi na wanane juu yake. Mjinga mimi. Mjinga aliyefika Kalikata.

Jumamosi, 12 Juni

Makambako, kuifuata ile bahasha. Nimekuja na lori, juu ya magunia ya mahindi, upepo ukinichuna uso. Mfuko wa posta nimeukuta dukani kwa Mhindi anayeutunza mpaka basi la kutoka Mbeya lipite. Mfuko ule pale chini, karibu na mapipa ya mafuta ya taa. Umetiwa lakiri, ile nta nyekundu yenye muhuri.

Nimemwomba. Nimemchekesha. Nimemwambia mimi na yeye tunajuana tangu sijaota ndevu.

“Ezekieli, wewe ndugu yangu,” kasema. “Lakini lakiri ya Kingi wa Uingereza si ndugu yangu. Nikiivunja, duka hili utaendesha wewe?”

Nimesimama mlangoni saa nne nzima nikitazama ule mfuko. Mara mbili nilitaka kuunyakua nikimbie. Ningefika wapi? Basi likaja. Wakautupa juu. Nikalikimbiza mpaka vumbi likanimeza.

Jumapili, 13 Juni

Kanisani. Mahubiri sikuyasikia. Mama Daktari alikaa kiti cha nyuma, nami sikuthubutu kugeuka.

Jumanne, 29 Juni

Simu ya upepo imefika kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Bwana mkubwa wa uganga wa serikali anakuja Jumatatu kutoka Dar es Salaam, na ile barua yangu anayo mkononi. Mama Daktari kaanza kufunga vitabu vyake kwa kamba. Hajanitukana. Afadhali angenitukana.

Leo nimefagia zahanati mara tatu. Woga.

Jumatatu, 5 Julai

Nayaandika yote nisije nikayaongezea chumvi kesho.

Bwana mkubwa kakaa mezani, barua mbele yake, madole yamepangana kama zabibu. Kauliza kwa Kiswahili cha pwani: nani aliwatibu hawa?

Mama Daktari akavuta pumzi aseme. Nikamkanyaga mguu. Nikamkanyaga hasa, kwa buti la jeshi.

Nikasema, ni mimi. Barua niliitunga mimi, na hao hawajui kusoma, walitia dole tu. Kazi yote yangu, yeye alinishikia taa. Jina lake niliweka kwa sababu barua ya kumsifu dresa nani angeisoma? Tazama kitabu, Bwana. Akafungua kitabu. Ezekieli. Ezekieli. Ezekieli. Herufi kubwa kila mahali.

Akamwita Bibi Eliza toka nje, akaonyesha kwa kidole kovu lake la shingoni. Nani alikukata hapa, bibi?

Bibi Eliza akanitazama. Akamtazama Mama Daktari, machozi yanamtiririka.

“Kamwene, Bwana,” kamwamkia kwa lugha ya kwetu. “Ni yule mwanamume mwenye maneno mengi.”

Bwana mkubwa akasema dresa anayekata watu ni hatari kuliko ugonjwa. Nimeachishwa kazi leo hii. Kisha akafunga mlango na Mama Daktari, yeye na yule daktari wa Iringa, wakamhoji mambo ya uganga kwa muda wa saa mbili. Nilikaa nje barazani na Bibi Eliza. Akaninong'oneza, “Umenifanya niseme uongo uzeeni.” Nikamwambia aungame, amlaumu Ezekieli. Hatukucheka.

Alhamisi, 8 Julai

Nimerudisha joho jeupe na funguo. Mtaani wananiita Daktari Ezekieli. Wananicheka, au wananisifu, sijui.

Zahanati leo imefunguliwa saa tatu.

Jumamosi, 28 Agosti

Nalima viazi. Asubuhi jembe limenikata mguu, maana macho yalikuwa kwenye barabara ya zahanati kama siku zote.

Nikachechemea mpaka zahanati, nikapanga foleni. Leseni imetoka wiki hii, yale mahojiano yamehesabiwa badala ya shahidi wa pili. Ameitundika nyuma ya mlango, chini, inakofunikwa mlango ukifunguliwa.

Akaosha kidonda. Akachukua kitabu kipya, ukurasa wa kwanza hauna hata doa.

“Jina?”

“Unalijua, Mama.”

“Jina.”

Nikamtajia. Akaliandika mstari wa kwanza. Kwenye safu ya aliyetibu akaandika la kwake, kwa herufi kubwa. Nilikuwa na mzaha tayari. Sikuutoa.

Nyuzi sita. Nirudi Alhamisi azitoe.