Daktari Wetu Anasema Urefu Si Ugonjwa

Mpendwa Bi Ardis, nisamehe kwa kukusumbua, najua huko gazetini huandikiwa na watu wenye shida za kweli, lakini nimekwama na sina mwingine wa kumuuliza. Mimi ni mwanamume wa makamo, mrefu hata kwa hapa kwetu Nyskog, Minnesota, ambako wote ni warefu, mikono yangu hufika mahali kabla yangu, na kifua changu kimebonyea katikati kiasi kwamba kila kiangazi nikijilaza kando ya ziwa watoto wa dada yangu humimina karanga humo wakala kama kwenye bakuli. Binti yangu, nitamwita Sunniva, ana miaka kumi na sita na amenifuata kwa kila kitu isipokuwa bakuli, na kwa mikono hiyo ndiye nyota wa mpira wa kikapu shuleni, sasa majuzi tulimpeleka kupimiwa miwani, daktari wa macho akachungulia, akasema lenzi ya jicho imehama mahali pake, akatutajia ugonjwa wa Marfan, wa kurithi, ambao hurefusha viungo na pia hudhoofisha mshipa mkubwa wa damu unaotoka moyoni hata unaweza kupasuka, akasema tumwombe daktari wetu kipimo cha ultrasaundi ya moyo upesi. Hapo nikamkumbuka baba, aliyeanguka juu ya marobota ya nyasi akiwa na miaka arobaini na moja, tukaambiwa ni moyo tu.

Basi nikaenda na Sunniva kwa daktari wetu, ambaye pia naimba naye kwaya. Nikagonga kichwa mlangoni, nikauomba mlango msamaha, nikamkabidhi daktari sahani ya biskuti za mke wangu. Akauliza, "Hamjambo?" Nikasema hatujambo kabisa, hatuna cha kulalamika, ila kuna kajambo kadogo, ukipata nafasi. Nikaligusia la jicho. La baba sikulitaja, sikutaka kuharibu maongezi.

Akacheka. "Bwana wee, urefu ungekuwa ugonjwa ningelilaza kanisa zima hospitalini. Mlishe vizuri huyo binti."

Kwenye gari Sunniva akaniuliza, "Baba, tulikuja kupimwa au kuleta biskuti?"

"Ni mtu mwema, mwanangu."

"Sijasema ni mbaya. Nimesema hajanipima."

Mechi za wilaya ni wiki ijayo, kocha anamtegemea, mama yake sijamwambia maana sitaki kumtisha, daktari sitaki kumuudhi, na kila Sunniva anaporuka mimi huko kwenye viti nafumba macho. Nifanye nini bila kumkosea mtu?

Mrefu wa Nyskog

*

Ndugu Mrefu,

Umelificha jina lako vizuri sana, isipokuwa kila aliyewahi kuogelea ziwani analijua hilo bakuli.

Pole kwa baba yako. Mimi wa gazetini umenisimulia habari zake, mwenye uwezo wa kusaidia ukamficha. Daktari wako si mjinga. Ameishi kati ya warefu maisha yake yote, urefu hauoni tena, na ulipomwambia hamjambo alikuamini. Huku kwetu hata mtu aliyejikata mguu kwa msumeno husema anaendelea vizuri, na ningekucheka tu kama ungekuwa mguu wako. Huo ni moyo wa mtoto.

Sasa nisikilize. Leo hii mwambie kocha kwamba Sunniva hachezi mpaka moyo upimwe. Atanuna, mwache anune. Mwambie na mkeo, ambaye nina hakika ameshajua unaficha kitu tangu ulipoanza kuosha vyombo bila kuambiwa. Mwombe daktari wa macho ampigie simu mwenzake amweleze alichokiona. Kisha rudini, uende na mkeo, kwa sababu wewe peke yako huaminiki, na biskuti zibaki nyumbani. Ukiulizwa hamjambo, jibu hivi: "Baba yangu alikufa ghafla kabla ya uzee, lenzi ya binti yangu imehama, naomba ultrasaundi ya moyo, na naomba utupeleke kwa daktari wa magonjwa ya kurithi." Halafu funga mdomo. Kimya kitakachofuata kitakuwa kirefu kuliko wewe, usikijaze kwa habari za theluji. Akikataa, mwombe kwa adabu aandike kwenye faili kwamba aliombwa akakataa, na kwa nini. Utaona kalamu inavyokuwa nzito. Akizidi kukataa, tafuta mwingine mjini. Kwaya itaendelea kuimba.

Nawe upimwe, bwana bakuli. Kumpita baba yako umri umedhani ni afya, huenda ni bahati tu. Na yeyote kati yenu akishikwa ghafla na maumivu makali ya kifua au mgongo, iteni gari la wagonjwa papo hapo, si baada ya kumaliza kahawa.

Unauliza utafanyaje bila kumkosea mtu. Hadi sasa umemkosea mmoja tu, na ndiye aliyekuuliza swali la maana kwenye gari.

Mlango ule ukikugonga tena kichwa, usiuombe msamaha. Inama, uingie, useme.

Bi Ardis