Vyuma vya Milangoni

Nyumbani, Taiz
14 Novemba 2016

Mpendwa Kaka Nashwan,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini wewe, Bilqis na watoto hamjambo huko Jeddah, na kwamba kile kifua chako kimepoa. Sisi tu wazima, kama anavyoweza kuwa mzima mtu anayelala chini ya mizinga. Mama bado anakula kidogo tangu arubaini ya Baba ipite, lakini anakula.

Waddah, binamu yetu, alinisomea ujumbe wako. Unasema fundi Ghalib alikula fedha ulizoleta za kuwekea gari vyuma vya kuzuia risasi, akatufungia mabati ya debe, na kwamba roho ya Baba iko shingoni mwake.

Basi Waddah hakungoja. Alhamisi yeye na nduguye Fuad walimvamia Ghalib karakanani. Wakamlaza mkono juu ya fuawe, wakamponda vidole vitatu kwa nyundo yake mwenyewe, kisha wakamkanyaga kifua mpaka akatema damu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ghalib alikuwa akinitazama mimi.

"Wallahi chuma changu hakipitishi risasi," alisema. "Muulizeni mwenye gari."

"Kwa hiyo baba yetu mkubwa kafa kwa mafua?" Waddah akamjibu, akampiga tena.

Nami nilinyamaza. Walipochoka walimwambia wanangoja neno lako tu waje kummaliza.

Kaka, Ghalib hana kosa. Siku Baba alipopigwa risasi, vyuma havikuwemo garini. Niliving'oa mimi.

Unaijua njia ya mlimani tunayozunguka tangu barabara kuu ifungwe. Vyuma vile vilifika kilo mia mbili, na nikipakia wagonjwa wanne gari lilikunywa petroli kama ng'ombe aliyeshinda juani. Penye tambarare uzito hauumi sana, lakini kule kila kona unasimama, unaanza upya, unapanda. Mwezi wa saba petroli ilituishia katikati ya mpando na mama mjamzito kiti cha nyuma. Tulisukuma mpaka viganja vikachubuka. Mtoto alizaliwa pale kando ya njia, akafa.

Kesho yake nikafungua bolti zote. Dumu la lita ishirini lililokuwa likinifikisha kilomita mia moja na hamsini likafika mia moja na sabini. Nilifurahi kama mpumbavu. Nikajiambia mdunguaji, yule mpiga risasi wa mafichoni, anaiona barabara kwa dakika mbili tu, pale nitalikimbiza gari. Sikukuandikia, kwa kuwa nilijua utagomba.

Risasi iliingia mlango wa Baba, ikampasua ubavu. Damu ilijaa sakafuni ikawa inateleza chini ya viatu vyangu, hata breki nilizikosa. Alikata roho kabla ya kufika zahanati. Kwa kilomita ishirini, ndugu yangu.

Jana nilichukua wazee wawili nikaenda kwa Ghalib. Nilivua jambia langu nikaliweka mbele yake, kama mkosaji anavyofanya kwetu, nikasema yote. Hakuweza kulishika kwa vile vidole; mkewe ndiye aliyelipokea. Waddah aliposikia alinipiga usoni kwa kitako cha bunduki, meno mawili yametoka, wala simlaumu. Mama amehamia chumba cha nyuma. Hajasema nami.

Nakuomba umwandikie Waddah leo hii amwache Ghalib, maana bado anasema bila neno lako hatulii. Na kama bado unataka damu, mlango wa kuujia ni wangu. Sitakimbia.

Nisalimie Bilqis, na Arwa mwanao, na Mjomba Hizam ukimwona msikitini. Mungu awafunike kwa rehema yake na awaepushe na yanayotupata huku.

Liko jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Mama. Asubuhi ile Baba alipofunga mlango aliniuliza, "Mutahhar, mbona mlango umekuwa mwepesi hivi?" Nikamjibu nimetia grisi bawaba. Akacheka, akaniombea dua kwa kulitunza gari, tukaondoka.

Ndimi nduguyo akupendaye, hata usiponitaka tena,

Mutahhar