Mkono wa Kushikia Finjani

Mjukuu wangu Salma,

Shikamoo yako imenifikia huko Uingereza uliko, marahaba. Hapa Ibra sote wazima, alhamdulillah, ila bibi yako anagombana na mbuzi wa jirani.

Unasema kila ukipiga gofu mpira unakimbilia kulia, na umeshabadilisha miguu, mabega, hata fimbo.

Nilipokuja Oman kutoka Unguja nilikuwa kijana, sijui kurusha upanga juu na kuudaka, kama wafanyavyo wanaume hapa katika ngoma ya razha siku ya Idi. Kila nikiurusha unaangukia kando. Nikageuza miguu, nikageuza macho, ukaanguka palepale. Ami yangu akaniita, akanimiminia kahawa. Nikaipokea finjani kwa ncha za vidole, maana ilikuwa ya moto.

"Mkono ndio huo," akasema. "Upanga unaukaba kama umekamata mwizi."

Idi ile niliudaka mbele ya watu.

Miguu yako iache ilivyo. Kesho, kabla ya kwenda uwanjani, jimiminie kahawa, uutazame mkono wako.

Babu yako, anayerusha upanga mpaka leo, bibi yako akitaka asitake.